Kifaa cha Haidroliki cha Kubandua Matairi ya Trekta: Tathmini Kutoka Nachingwea

Kwa anayelimisha mashamba ya watu katika wilaya za Nachingwea, Masasi na Ruangwa, pancha ya tairi la nyuma la trekta haimalizwi na kiraka. Kiraka ni kazi ya muda mfupi ambayo fundi yeyote mwenye msasa na gundi anaiweza. Kinachokula siku nzima ni hatua inayotangulia, yaani kuutoa mdomo wa tairi (duara lake la ndani) mahali ulipojishikiza kwenye rimu, hasa pale ambapo tairi halijafunguliwa kwa miaka mingi na kutu imekwisha kuunganisha mpira na chuma. Wakati huo dereva amekaa, plau imelala, na mkulima aliyekwisha kutoa malipo ya awali anatazama mawingu, kwa sababu huku kusini mvua ni ya msimu mmoja, inayoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, na anayechelewa kulima hana msimu wa pili wa kufidia.

Kwa ajili ya tatizo hilo nilinunua kifaa cha haidroliki cha kubandua matairi makubwa, cha aina inayouzwa kama seti yenye kichwa cha chuma, mpira wa shinikizo (bomba la kupitishia oili) na pampu ya mkono. Seti yangu imetengenezwa China na haina jina la kiwanda linalofahamika. Niliinunua Kariakoo, Dar es Salaam, kwa fedha pungufu ya bei ya tairi moja jipya la nyuma. Nimekitumia kwenye matrekta yangu, nimekiazima kwa majirani, na nimekishuhudia kikifanya kazi kwenye matairi ya pwani ambayo mafundi wawili walikuwa wameyakataa. Ninakipendekeza, ingawa sababu zangu hazifanani na zile zilizoandikwa kwenye boksi. Boksi linasifu wepesi wa kazi. Mimi ninakisifu kwa sababu kinauacha mdomo wa tairi ukiwa mzima.

Ili msomaji apime ninachosema, ni vizuri aelewe kwa nini tairi la trekta hung'ang'ania hivyo. Tairi ninalolizungumzia zaidi ni la kipimo cha 18.4-30, lile linalokaa nyuma ya matrekta ya nguvu ya farasi 75 hivi kama Massey Ferguson 375. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi na ya pili ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ndani ya mdomo wa tairi hilo mna mshipi wa nyaya za chuma zilizofunikwa mpira, na mshipi huo ndio unaolizuia tairi lisitanuke na kuruka nje ya rimu linapojazwa upepo. Nyaya hizo hazirefuki hata kidogo. Ndiyo maana rimu imeundwa ikiwa na bonde katikati yake: mdomo ukishushwa bondeni kwa upande mmoja, upande unaoelekeana nao hupata nafasi ya kuvuka ukingo wa rimu kwa liva. Lakini mdomo hauwezi kushuka bondeni kabla ya kuachia kitako chake kwenye rimu, na kitako hicho kina mwinamo mdogo ambao upepo wa tairi huusukumia mdomo juu yake na kuubana kama kabari. Kutu ikiota hapo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyoliwa, kwa hiyo kila mwaka unaopita bila tairi kufunguliwa, mbano huongezeka.

Kutu hiyo kwetu ina vyanzo vingi. Matrekta ya Lindi mjini, Mikindani na Mtwara mjini hupata hewa ya bahari yenye chumvi, na yaliyo mabaya kuliko yote ni yale yaliyovuta matela kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, ambako magurudumu hukanyaga maji ya chumvi kutwa nzima. Huku bara tunasumbuliwa na mbolea ya viwandani inayomwagika kwenye rimu, na maji. Wengi wetu hujaza maji ndani ya tyubu za nyuma ili trekta lipate uzito wa kuvuta plau kwenye udongo mzito, na tairi la 18.4-30 likijazwa robo tatu hubeba zaidi ya lita 200. Tyubu inapovuja polepole kwenye shina la valvu, maji hayo huzunguka kati ya tyubu na rimu bila mtu kuyaona. Katika nchi za baridi wakulima huyachanganya na kloridi ya kalsiamu yasigande, na mchanganyiko huo hula chuma vibaya sana. Mwenye kununua trekta lililotumika kutoka Uingereza aangalie rimu za nyuma karibu na tundu la valvu kabla ya kuangalia rangi. Kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji, na sioni sababu ya mtu wa Nachingwea kutia chumvi yoyote kwenye tairi lake.

Kabla ya kifaa hiki tulitegemea zaidi njia moja, nyundo kubwa na mataimbo. Njia hiyo haina ubaya kwa tairi lililolegea, na mafundi wazuri wa hapa wana mikono ya kuijua. Ubaya unakuja tairi linapogoma, kwa sababu hasira huingia na nyundo huacha kupiga taimbo ikaanza kupiga mdomo wenyewe. Karakana moja ya mkoani kwetu ililifanyia hivyo tairi langu ambalo meno yake yalikuwa bado marefu. Lilirudi limezibwa, likafungwa, likakaa vizuri machoni, na baada ya muda mfupi pakatokea uvimbe pembeni mwa mdomo. Tulipolifungua tulikuta nyaya zimekatika na ncha zake zimeichoma tyubu mahali pengi. Tairi lenye nyaya zilizokatika mdomoni halina matengenezo. Mtu akilizungushia kiraka cha turubai ndani, kama nilivyoshauriwa na baadhi ya watu, anajitengenezea mlipuko. Nilipoteza tairi ambalo lingelima misimu kadhaa zaidi, na lilipotea kwa sababu ya tundu la mwiba.

Sasa nieleze kifaa chenyewe. Kichwa chake kina ulimi wa chuma unaoingizwa kati ya mdomo wa tairi na ukingo wa rimu, kina ndoano inayoushika ukingo huo kwa nje, na kina pistoni ndogo inayousukuma mdomo uteremke kutoka kwenye kitako chake. Nguvu yote inaishia kati ya rimu na mdomo, hakuna inayokwenda ardhini wala kwenye ekseli, na ndiyo sababu gurudumu linaweza kufanyiwa kazi likiwa bado limefungwa kwenye trekta. Shinikizo la juu lililoandikwa kwenye pampu ni psi 10,000, karibu bar 700, ambalo ndilo la kawaida kwa vifaa vya jamii hii. Kichwa ni kizito kwa mkono mmoja, ila mtu mmoja anakibeba bila msaada, na seti nzima inaingia kwenye sanduku linalokaa nyuma ya pikipiki. Kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa mashamba mengi tunayolima yako mbali na lami na trekta lenye pancha halitembei kwenda karakana.

Kazi iliyoniondolea shaka ilikuwa ya trekta la mzee mmoja wa pwani ya Lindi, aliyelinunua kwa watu wa chumvi na kulileta Nachingwea kulimia ufuta. Tairi la kulia lilikuwa limekaa bila upepo, na ukingo wa rimu ulikuwa na magamba ya kutu mazito kiasi kwamba usingeweza kuuona mstari kati ya mpira na chuma. Fundi tuliyekuwa naye, kijana mwenye uzoefu wa matairi ya malori, alilizunguka mara moja, akaweka nyundo chini na kusema, "Mjomba, hili limeota," yaani limeshikana na rimu. Mzee mwenye trekta akatusihi, "Wanangu, msilipige. Sina la kubadilisha."

Hatukulipiga. Tulizuia magurudumu mengine kwa mawe, tukainua ekseli na kuikalisha juu ya magogo, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki kwa kazi ya kusukumana, kisha tukazungusha gurudumu hadi valvu ikawa juu. Sindano ya valvu ilitolewa, na tukapitisha waya kwenye tundu lake ili kuhakikisha kwamba halikuzibwa na uchafu, maana tyubu yenye maji ya siku nyingi inaweza kuziba valvu na kubaki na upepo wakati wewe unaamini imeisha. Fundi akachokonoa kutu na udongo kwenye mfereji wote kati ya mdomo na ukingo kwa bisibisi pana, akapitisha brashi ya waya, kisha tukamimina maji ya sabuni yaliyokolea na kuyaacha yapenye huku tukifanya shughuli nyingine. Kipindi hicho cha kusubiri ndicho ambacho watu wengi hukiruka, na nina hakika kwamba bila hicho kifaa kingetuangusha.

Ulimi uliingia kwa kugongwa taratibu, ndoano ikashika, na mimi nikakaa upande na kuanza kupampu. Mipigo ya mwanzo ni myepesi. Halafu mkono wa pampu unaanza kuwa mzito, mpira wa tairi unabonyea kuzunguka ulimi, na inaonekana kana kwamba hakuna kinachotokea. Kilichotokea ni kidogo na kinahitaji jicho: mstari mwembamba mweusi ulijitokeza chini ya ukingo, magamba ya kutu yakaanza kudondoka juu ya turubai, na maji ya kahawia yakachuruzika kutoka mahali ambapo sabuni ilikuwa haijafika. Hapo fundi alinizuia. Aliongeza sabuni katika mstari ule mweusi, tukasubiri kidogo, nikafungulia shinikizo, tukahamisha kichwa kiasi cha shibiri moja na kuanza upya.

Huo ndio ufundi wote wa kifaa hiki, na karatasi iliyokuja nacho haiutaji. Anayesukuma mahali pamoja hadi mwisho anaukunja mshipi wa nyaya, na atakuwa amefanya kwa haidroliki uharibifu uleule wa nyundo. Inatakiwa kusukuma kidogo, kulainisha, kuhama, na kuzunguka rimu yote bila kudai matokeo. Mzunguko wetu wa kwanza ulimalizika na tairi bado limeshika karibu kila mahali, kiasi kwamba mzee alikaa chini ya mkorosho na kutazama pembeni. Katika mzunguko wa pili, tulipofika upande unaoelekeana na valvu, kipande kirefu cha mdomo kiliachia kwa mkwaruzo mrefu, na kilichobakia kikafuata karibu bila kupampu. Tulipovuta tyubu nje kwa upande huo mmoja, mdomo ulikuwa mzima, umekwaruzika mpira wa juu tu. Upande wa ndani hatukuugusa, kwa kuwa anayetaka kuziba tyubu hahitaji kuubandua.

Kuhusu kilainishi, ninaomba wenzangu wenye matrekta waniamini katika hili hata kama hawatanunua kifaa. Sabuni ya kawaida ya kipande, iliyokwanguliwa na kuyeyushwa kwenye maji ya moto hadi ikawa nzito, inatosha. Dizeli, oili chafu na grisi, ambazo ndizo zinazomiminwa kwa haraka kwa kuwa ziko karibu, hulainisha leo na kuoza mpira baadaye. Mdomo uliolowa dizeli huvimba na kulegea, na tairi huanza kuzunguka ndani ya rimu trekta linapovuta, hadi shina la valvu linakatika. Nimeona valvu za namna hiyo zikilaumiwa kuwa ni tyubu mbovu kutoka dukani.

Kifaa kina kasoro, na baadhi yake ni za kweli. Ndoano yake imetengenezwa kwa ajili ya ukingo wa rimu ulionyooka na wenye unene wake wa awali. Kwenye rimu iliyopinda kwa kugonga visiki, au iliyoliwa na kutu hadi ukingo ukawa mwembamba, ndoano huteleza, na kichwa chenye shinikizo kikiteleza huruka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kusimama mbele ya kichwa wakati pampu inafanya kazi, na uso usiinamishwe juu yake kwa ajili ya kuchungulia. Tunachungulia baada ya kufungulia shinikizo. Ningefurahi kama mtengenezaji angeongeza skrubu ya kukaza ndoano, kwa sababu nimeiona kwenye vifaa vya bei kubwa zaidi na inaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Ulimi nao ulikuja na kingo kali zilizoachwa na mashine ya kukatia. Tulizisugua kwa tupa hadi zikawa mviringo kabla ya kuutumia, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo siku ileile anapofungua boksi, kwa kuwa ncha kali itachana mpira wa mdomo na kuzifikia nyaya. Safari ya pistoni ni fupi, hivyo kwenye matairi mapana mtu hulazimika kuweka kipande cha chuma au kushika mara ya pili mahali palepale. Koplingi (kiungio) ya mpira wa shinikizo haikuwa na kifuniko, na vumbi letu jekundu halihitaji kukaribishwa. Tulishona kifuko cha ngozi cha kuifunika. Maelekezo yalikuwa picha chache na maandishi ya Kichina, bila neno lolote kuhusu usalama ambalo fundi wa Masasi au Tandahimba angeweza kulisoma. Kwa kifaa chenye shinikizo la kiasi hiki, hilo ni kosa ambalo waagizaji wetu wangeweza kulirekebisha kwa karatasi moja ya Kiswahili.

Kwenye matairi ya mbele, yale ya 6.00-16 na 7.50-16, hakina maana. Kichwa ni kikubwa kupita nafasi iliyopo, na fundi wa kawaida mwenye liva mbili humaliza kazi hiyo kabla hujaunganisha pampu. Vivyo hivyo kwa matairi ya tela, isipokuwa yaliyopitia kwenye chumvi.

Zipo njia nyingine zinazotumika, na si haki kuzipuuza. Jeki ndefu ya meno, ikisimamishwa juu ya mdomo wa tairi na kichwa chake kikikingamishwa chini ya chesi ya lori, husukuma vizuri, na kwa asiye na uwezo wa kununua haidroliki ndiyo mbadala wa karibu zaidi. Shida yake ni kwamba gurudumu lazima lifunguliwe na kulazwa, lori lazima lipatikane, na kitako cha jeki hupenda kuteleza juu ya mpira wenye sabuni. Kulikanyagia tairi lililolazwa kwa gurudumu la trekta jingine pia hufaulu mara nyingine, ila nimeona rimu zilizopinda kwa njia hiyo, na rimu iliyopinda hugharimu kuliko kilichookolewa.

Njia moja haifai kutajwa pamoja na hizo, nayo ni moto. Wapo wanaopasha rimu kwa gesi ya kuchomelea ili kutu iachie, na wapo wanaochomelea ufa wa rimu tairi likiwa juu yake, wakiamini kwamba kutoa upepo kunatosha. Hakutoshi. Mpira unaopata joto kali ndani ya tairi hutoa gesi zinazoweza kuwaka, gesi hizo hujikusanya ndani bila moshi wowote kuonekana nje, na tairi lisilokuwa na upepo linaweza kulipuka kwa nguvu ya kuua mtu, wakati mwingine baada ya fundi kumaliza na kuondoka pale. Rimu inachomelewa ikiwa tupu, tairi likiwa limetolewa kabisa. Ninaliandika hili kwa msisitizo kwa sababu kifaa ninachokipitia hapa ndicho kinachoondoa kisingizio cha moto: panapopatikana njia ya baridi ya kubandua tairi lililoota, hakuna sababu ya mtu kuwasha gesi.

Uangalifu uleule unahitajika wakati wa kurudisha. Tulipokwisha kuziba tyubu ya yule mzee, tulisugua kitako cha rimu hadi chuma ikang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke, tukaupaka mdomo sabuni upya na kuurudisha. Upepo wa kuukalisha mdomo kwenye kitako usizidi psi 35 kwa tairi la kilimo. Mdomo ukikataa kukaa kwa kiasi hicho, upepo unatolewa wote, sabuni inaongezwa, na kazi inaanza upya. Anayeongeza upepo ili kulazimisha ndiye anayekatiwa nyaya usoni. Mpira wa kompresa uwe mrefu na wenye kibanio kinachojishikilia kwenye valvu, na mjazaji asimame mbele au nyuma ya gurudumu, kamwe asisimame mkabala na ubavu wa tairi. Kuna mstari mwembamba uliochorwa kuzunguka tairi karibu na rimu, na umbali wake hadi ukingoni unatakiwa kuwa sawa pande zote. Ukiwa sawa, upepo unapunguzwa hadi kiwango cha kufanyia kazi ambacho mtengenezaji wa tairi ameelekeza kulingana na mzigo.

Mnunuzi atakutana na aina mbili za pampu, ya mkono na ya kukanyaga inayoendeshwa na upepo wa kompresa. Ya upepo inafaa karakana ya mjini yenye umeme na kompresa ya kudumu, nayo humwachia fundi mikono yote miwili. Kwa shambani ninachagua ya mkono bila kusita, kwa sababu haihitaji chochote zaidi ya mtu, na kwa sababu mkono husikia tairi linapoachia na kusimama kwa wakati, jambo ambalo mguu juu ya pedali hausikii vizuri. Oili yake iwe ya haidroliki na safi. Fluidi ya breki, ambayo nimeona ikitiwa kwenye jeki nyingi zilizopungukiwa, hufanya sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, zivimbe na kuharibika, na pampu ikifika hapo haipandishi tena shinikizo.

Nani anunue? Fundi wa matairi makubwa aliye kwenye barabara ya Mingoyo hadi Masasi, au ile ya Masasi kwenda Mangaka na Tunduru, ambako malori na matrekta hupita msimu wote, atarudisha fedha zake mapema kuliko mtu mwingine yeyote, na ningependa kuona kila karakana ya huko inacho. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, yenye matrekta yake inaweza kukiweka ghalani na kuwatoza wanachama ada ndogo, alimradi awepo mtu mmoja aliyefundishwa, anayekikabidhi na kukipokea, kwa sababu kifaa cha wote kisicho na mwenyewe hupoteza pini ya ndoano kabla ya korosho kuanza kuanguka. Mwenye trekta moja aungane na wenzake wawili au watatu wa kijiji kimoja. Sisi tumefanya hivyo kwa wenye matrekta wa upande wetu, na kanuni yetu ni kwamba anayekiazima hukirudisha kikiwa kimepanguswa sabuni, kwa sababu maji ya sabuni yakikaukia kwenye pistoni huacha ukoko unaokwaruza sili.

Sili hizo ndizo zitakazochoka kwanza. Anayenunua aombe seti ya oringi (sili za duara) za akiba palepale dukani na azipime na muuzaji kabla ya kulipa, kwa kuwa maduka ya Masasi na Mtwara niliyoyaulizia yanauza sili za jeki za kawaida, ambazo kipenyo chake kinakaribiana na cha pistoni hii lakini hakilingani nacho, na sili isiyolingana huvuja kwenye shinikizo kubwa, wakati uleule tairi lililoota linapoanza kuachia.